Punguza picha, usipunguze bei

Hotuba kwa wapiga picha chipukizi, Dar es Salaam

Wakubwa zangu mliopo, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Asanteni kwa kunipa nafasi hii, na asanteni zaidi kwa kuja saa kama hizi, jua linapoanza kulainika, wakati kila mmoja wenu angeweza kuwa Coco Beach au pale kwenye Daraja la Tanzanite akitafuta riziki yake.

Nimeombwa niseme juu ya bei. Nilipouliza bei ya kazi gani, nikaambiwa: zile shuti fupi. Dakika ishirini au nusu saa, mtu mmoja au wawili, picha chache za mahafali, za siku ya kuzaliwa, za mama mjamzito, za dada anayeuza nguo za watoto na anataka sura yake ionekane vizuri kwenye ukurasa wa biashara. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu wengi wenu mnaingilia kazi hii kwa mlango huo. Harusi hapewi mgeni, familia haitaki kubahatisha siku ambayo haijirudii. Shuti fupi anapewa yeyote mwenye kamera na ukurasa. Kwa hiyo mlango uko wazi, na kwa kuwa uko wazi, umejaa watu.

Inaniuma sana kumwona kijana mwenye jicho zuri akiuza kamera yake kabla hajatimiza miaka miwili. Nimewaona wengi, na karibu wote walikuwa na wateja. Simu zilikuwa zinaita, Jumamosi zilikuwa zimejaa. Kisha lenzi ikaingia ukungu, kama inavyotokea kwenye hewa yetu ya pwani, au kompyuta ikafa, na mtu akagundua kwamba pamoja na kukimbia kote kule hana hata senti ya kumlipa fundi. Huyo hakushindwa kupiga picha. Alishindwa na bei, na bei hiyo aliipanga mwenyewe usiku mmoja kwa kuangalia kurasa za wenzake na kukata elfu tano chini ya aliye chini kuliko wote.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana tatizo hili lina asili yake.

Sisi tulioanza na filamu hatukuhitaji kuelezwa kuhusu mipaka. Roli ya milimita 35 ilikuwa na picha 36. Wenye kamera kubwa za filamu ya 120, zile za picha za mraba, walipata 12 tu. Kila ukibonyeza, pesa imetoka, na bado hujasafisha wala kuchapa. Mteja naye alijua. Alikuja studio akasema nataka picha mbili, saizi ya postikadi, na bei ilikuwa ya picha mbili za postikadi. Mji Mkongwe kule Zanzibar, Capital Art Studio imekuwapo tangu 1930, ilianzishwa na Ranchhod Oza, na vizazi kwa vizazi vimeingia pale kwa utaratibu huo: unakaa, unapigwa, unalipia ulichoagiza.

Afrika Magharibi alikuwapo Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga kwa mwanga wa jua, kwa kamera ya filamu ya bapa, ile ya kipande kimoja kwa kila picha, na kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Moja! Alimpanga mtu, akamrekebisha bega, akaweka mkono mahali pake, akatazama, kisha akabonyeza. Picha zile leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Hakuna mteja aliyemuuliza Keïta, "Na zile nyingine mia tatu ziko wapi?"

Kamera ya dijitali ilipokuja ilituondolea gharama ya filamu, nasi tukashangilia. Tulichokuwa hatujaona ni kwamba imeondoa na mpaka. Mteja wa leo anajua kwamba kubonyeza ni bure, kwa hiyo anasema, "Nipe zote." Wewe nawe, kwa kuwa unaanza na unaogopa kumpoteza, unampa zote. Unapiga mia nne, unakesha ukihariri sitini, unazituma. Umeuza kazi ya siku mbili kwa bei ya nusu saa. Filamu ilikuwa inatulinda bila sisi kujua, na sasa mpaka huo inabidi uuweke mwenyewe, kwa maneno, kabla kamera haijatoka kwenye begi.

Hapo ndipo bei ya shuti fupi inapoanzia. Watu wanafikiri wanapanga bei ya dakika. Angalieni fundi cherehani: akishona gauni la mtoto anatumia kitambaa kidogo, lakini vipimo ni vilevile, kukata ni kulekule, zipu na pindo vinataka mkono uleule, ndiyo maana hamtozi mama wa mtoto robo ya bei ya gauni lake. Nusu saa yako ya kupiga ni kile kitambaa. Kazi iko kwingine.

Tuhesabu basi. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mtu akifika nyumbani aweke zake. Mteja wako yuko Mbezi, wewe unaishi Temeke, mmepatana kukutana ufukweni Masaki. Kabla ya siku yenyewe mmeandikiana kwenye WhatsApp: nguo rangi gani, niende saluni, naweza kuja na mdogo wangu, je mvua ikinyesha. Hiyo ni nusu saa, hata kama imegawanyika vipande vipande ndani ya siku tatu. Kwenda na kurudi kwa daladala na bodaboda, na foleni zetu hizi, saa moja na nusu. Mteja amechelewa nusu saa. Umepiga nusu saa. Nyumbani unahamisha picha na kuchagua, nusu saa nyingine. Picha tano za kuhariri, kila moja dakika kumi na mbili ukiwa makini na ngozi ya mtu, ni saa nzima. Kutuma, kujibu "hii naomba upunguze kidogo tumbo", kutuma tena, nusu saa. Jumla ni saa tano. Shuti ya nusu saa ina saa tano ndani yake.

Sasa upande wa pesa. Nauli, tuseme shilingi 6,000. Bando na umeme wa LUKU, 2,000. Kisha kuna gharama ambayo karibu hakuna anayeiandika, nayo ni kamera yenyewe. Kama kamera na lenzi ulivinunua kwa shilingi 1,500,000, na unataka ndani ya miaka miwili uwe umerudisha pesa ya kununua nyingine, na unapata kazi kumi kwa mwezi, basi ni kazi 240. Gawa. Kila kazi inapaswa kurudisha shilingi 6,250 kwenye kamera. Hiyo si faida, wala si pesa ya kula. Ni ya kamera. Wale mnaokodi kamera mnaielewa haraka kuliko wenye zao, kwa sababu mwenye kukodisha anaidai siku hiyohiyo.

Msidhani nimezitoa hewani hizo kazi 240. Kamera za kuanzia, kama Nikon D3500, shata zake, yaani lile pazia linalofunguka kila ukibonyeza, zimepimwa kiwandani kwa mibonyezo kama 100,000. Ukibonyeza mara mia nne kila shuti, kazi 250 tu zinatosha kuifikisha hapo. Inaweza kuendelea baada ya hapo, zipo zinazokwenda mbali sana, lakini unakuwa unatembea na kamera ambayo umri wake wa kiwandani umekwisha. Ukibonyeza mara themanini, kamera ileile inakwenda shuti 1,250. Kwa hiyo mpaka wa idadi ya picha unalinda usingizi wako na unalinda chombo chako pia.

Haya. Umetoza shilingi 20,000, kwa sababu jirani anatoza 25,000. Toa nauli, toa bando na umeme, toa kamera: 14,250 zimeondoka. Umebaki na 5,750. Gawa kwa saa tano. Ni shilingi 1,150 kwa saa. Na hapo hujatenga chochote cha kodi, hujahesabu makato ya kutoa pesa kwenye simu, hujanunua hata soda ukiwa juani.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijui kazi inayoudhihirisha usemi huo kuliko hii yetu, kwa sababu pesa inaingia mkononi kila siku na mtu anajiona ana biashara.

Jibu la haraka ni kusema, basi pandisha bei. Ndiyo, pandisha, lakini kwa mtu mgeni mwenye wateja wachache kupandisha peke yake hakutoshi. Ukisema 35,000 kwa shuti hiyohiyo ya Masaki unabaki na 20,750, yaani 4,150 kwa saa. Imekuwa afadhali. Lakini bado saa moja na nusu inaliwa na foleni, na nusu saa inaliwa na mteja aliyechelewa. Njia ninayoiamini mimi, na ninawaomba muijaribu kabla hamjaikataa, ni kuacha kumfuata kila mteja alipo siku anayotaka. Chagua sehemu moja, siku moja, tangaza, kusanya wateja wanne.

Sababu ya wanne ni jua. Hapa kwetu jua linazama kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku mwaka mzima, na likizama giza linaingia upesi kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi wana jioni ndefu isiyokwisha, sisi hatuna. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri jua liko juu ya kichwa, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi na paji la uso linang'aa. Mwanga mzuri wa jioni, kuanzia saa 10 na nusu hadi saa 12 na nusu, ni saa mbili. Hizo ndizo bidhaa yako. Ukimpa mtu mmoja saa hizo zote kwa 20,000, umemaliza duka. Ukizigawa, dakika ishirini na tano za kupiga na tano za kupumua, wanaingia wanne bila kukimbizana.

Tazameni hesabu inavyogeuka. Wanne kwa 35,000 ni 140,000. Nauli ni moja tu, 6,000. Bando na umeme wa kila mmoja, 8,000. Kamera, 25,000. Zinabaki 101,000. Saa zake? Kila mteja saa tatu za mazungumzo, kupiga, kuchagua, kuhariri na kutuma, hizo ni kumi na mbili, ongeza saa moja na nusu ya safari. Kumi na tatu na nusu. Unapata kama shilingi 7,480 kwa saa. Anayechelewa anachelewa ndani ya muda wake mwenyewe, kwa sababu mwenzake wa saa 11 na nusu ameshafika na amesimama pale na nguo zake. Humgombezi mtu. Unasema tu, "Dada, tumebakiwa na dakika kumi, tuzitumie vizuri."

Kama sehemu uliyochagua ina kiingilio au uongozi unatoza wapiga picha, na bustani nyingi na hoteli zinatoza, ulizia mapema, ulipe, kisha igawe kwenye bei ya wale wanne. Msiingie kwa kujificha. Mlinzi akija kuwatoa mbele ya mteja aliyevaa shela, aibu ile haifutiki kwa picha nzuri.

Sasa mteja anakuja. Anasema kwa heshima kabisa, "Kaka, nimependa kazi zako, ila mimi nina elfu ishirini." Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pote. Wengi wenu mna majibu mawili. La kwanza, "Haya njoo tu," na unampa kila kitu alichopewa aliyelipa 35,000. La pili, "Hiyo haitoshi," na mtu wa watu anaondoka akiwa amedharauliwa. Yote mawili yanakuumiza. La kwanza linamdhulumu yule wa 35,000, ambaye siku moja watakutana saluni na watalinganisha. Jibu liko katikati: "Elfu ishirini napiga dakika kumi na tano, unapata picha mbili, siku ileile ya Jumamosi pale pale." Umepunguza picha, bei ya jasho lako iko palepale. Mara nyingi mtu huyo, akishaziona zile picha kumi na tano ulizompa achague, anachukua mbili alizolipia kisha anaongeza mbili kwa 5,000 kila moja, kwa hiari yake, kwa sababu sasa anauona uso wake na ameupenda. Anayezitaka zote mwambie bila kuona haya kwamba unazitoa zilizokamilika tu. Usimpe mtu picha ghafi zibebe jina lako mtaani zikiwa hazijanawa uso.

Kuna tabia imetuingia ya kuandika "bei inbox". Naomba tuiache. Najua mnaogopa washindani waione bei yenu. Washindani wameshaiona, wamewatuma binamu zao wawaulize. Asiyeiona ni mama aliyeko kazini Posta, ana dakika tano za mapumziko, anataka picha za mwanawe anayetimiza mwaka mmoja. Anapita kwenye ukurasa wako, haoni bei, anadhani ni kubwa kuliko uwezo wake, au anaona uvivu kuuliza na kusubiri. Anaenda kwa aliyeandika. Andikeni: dakika ngapi, picha ngapi, wapi, lini zitakuwa tayari, shilingi ngapi, nyongeza shilingi ngapi. Mistari sita. Bei iliyoandikwa pia inakupa nguvu ambayo mtu mpole hana akiwa anapatana kwa mdomo, maana mteja anapatana na maandishi, si na uso wako.

Watu husema kizuri chajiuza. Kwenye picha za shuti fupi sikubaliani. Picha nzuri ikikaa kwenye simu yako haijiuzi. Inauzwa na mtu aliyepigwa, anapoiweka kwake na marafiki zake wanauliza nani amekupiga. Ndiyo maana kumaliza kazi siku uliyoahidi kuna thamani kuliko kununua taa mpya. Picha za mahafali zikifika wiki tatu baada ya joho kurudishwa chuoni, nani tena atauliza?

Na tukizungumza mahafali, vyuo vyetu vingi hufanya mwishoni mwa mwaka, Novemba na Desemba, na huo ndio msimu wa vuli. Wateja wengi na mvua nyingi, vyote pamoja. Kwa hiyo malipo ya awali si uchoyo. Nusu ya bei inalipwa ili muda uwe wako, kwa Lipa Namba kama unayo, nusu nyingine mnapokutana kabla ya kuanza. Mvua ikinyesha tunahamisha siku bila nyongeza. Mteja asipotokea bila taarifa, ile nusu inabaki, kwa kuwa dakika zake hakuna mwingine aliyezitumia. Mwambie haya mapema, kwa lugha laini, tena kwa maandishi. Ukimweleza baada ya tukio inakuwa ugomvi hata kama haki ni yako.

Dada zangu, kwenu nina neno la ziada juu ya malipo ya awali na sehemu moja iliyotangazwa. Yanalinda zaidi ya mfuko. Mtu usiyemjua anayekuita nyumbani kwake Jumapili usiku kwa "shuti ya haraka", akiambiwa alipe nusu kwanza na aje sehemu ya wazi penye wateja wengine, mara nyingi unagundua alichokuwa anataka. Hakuna bei inayolipa hatari hiyo, na hamna deni la kumweleza yeyote kwa nini mmekataa.

Ndugu na marafiki. Najua mlikuwa mnalingoja hili. Mama mdogo amepiga simu: "Mwanangu, si unapiga picha siku hizi? Njoo utupige hapa, tutakupa nauli." Huwezi kumtumia mama mdogo orodha ya bei, na mimi sitakuambia uitume. Maoni yangu ni haya: ama mpe zawadi kamili, ama apange foleni na walipaji wengine. Ukimpa zawadi, ipe jina: "Mama, hii ni zawadi yangu ya kuzaliwa kwa mjukuu, picha tano." Ukishasema zawadi, idadi inasimama na shukrani inakuwapo. Bei nusu kwa ndugu ndiyo inayoleta manung'uniko, yeye anajiona amelipa na wewe unajiona umetoa bure. Rafiki wa rika lako ni jambo jingine. Rafiki anayekupenda analipa, tena analipa mapema, na anayesema "nifanyie ya kishkaji" kila mwezi mkumbushe kwamba kamera haijui ushkaji.

Kuhusu kufanya bure ili upate picha za kuonesha, sipingi. Mtu mgeni anahitaji kazi za kuonesha. Ila wa kumpiga bure umchague wewe. Anayekuomba bure anaomba anachokitaka yeye, lakini wewe ukitaka kuonesha kwamba unaweza kupiga wazee, mtafute babu mwenye uso uliojaa simulizi, mwombe, mpigie, mchapishie picha umpelekee mkononi. Ukitaka wateja wa mahafali, piga wahitimu watatu wenye rangi tofauti za ngozi, maana mwanga ule mmoja hauwatendei sawa, na mteja atatafuta anayefanana naye kwenye ukurasa wako. Weka ukomo, watu kadhaa tu, kisha funga. Na kama unataka bei ya ufunguzi, iandike pamoja na bei yake halisi na tarehe ya mwisho. "35,000, hadi mwisho wa mwezi 25,000." Mteja wa 25,000 ajue tangu siku ya kwanza kwamba akirudi ni 35,000.

Msiwadharau wanaopiga picha za papo kwa papo ufukweni na pale Forodhani. Wao biashara yao ni wingi: picha moja, simu kwa simu, mteja mwingine. Wana miguu yao, wana maneno yao ya kumwita mtu, na wanalisha familia. Ukijaribu kuwashinda kwa bei yao huku ukitoa huduma yako, utaanguka wewe, kwa sababu wao hawahariri ngozi kwa dakika kumi na mbili wala hawajibu maswali ya nguo kwa siku tatu. Vilevile usijilinganishe na yule mwenye studio, wasaidizi wawili na jina. Mteja wako yuko kati ya hao wawili. Anataka kusimamiwa, anataka mtu amwambie aweke mkono wapi, anataka picha tano anazoweza kuziweka ukutani. Muuzie hicho: kusimamiwa. Simu yake inaweza kupiga picha safi kabisa, lakini haiwezi kumwambia ashushe mabega na aache kutabasamu kwa woga.

Jambo moja la sheria, kwa kifupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Omba ruhusa kabla ya kuweka sura ya mteja kwenye ukurasa wako, hasa mtoto, na jibu lake liwe la maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp. Usiifanye ruhusa hiyo kuwa sharti la bei. Na mteja akitaka kuitumia picha kwenye tangazo la bidhaa, hiyo si shuti ya kumbukumbu tena, bei yake izungumzwe upya. Kodi nayo: chukueni TIN, wekeni daftari, na kila shuti mtenge kitu. Ofisa wa kodi anazungumza vizuri zaidi na mtu mwenye daftari.

Swali lililobaki ni lini kupandisha. Si mwaka mpya ukifika, wala si mwenzako akipandisha. Jumamosi zako nne za mwezi zikijaa wiki mbili kabla, miezi miwili mfululizo, soko limekuambia. Panda kidogo, kutoka 35,000 hadi 40,000, na wateja wa zamani uwape taarifa mwezi mmoja kabla, wapate nafasi ya kuweka oda kwa bei ya zamani. Baadhi watakuacha. Hesabu tena: watatu kwa 40,000 ni 120,000, toa nauli 6,000, bando na umeme 6,000, kamera 18,750, zinabaki 89,250 kwa saa kumi na nusu. Hiyo ni 8,500 kwa saa. Umepoteza mteja mmoja na saa yako imepanda, na umepata jioni moja ya kulala mapema.

Nimesema vya kutosha. Nimeona wengine mmeandika kwenye simu na wengine mna madaftari. Nataka mmoja wenu aje hapa mbele na shuti yake ya mwisho, atuambie mteja alikuwa wapi, alitoza ngapi na alituma picha ngapi, tuihesabu pamoja ubaoni kwa kweli yake yote. Hakuna atakayechekwa. Nani atuanzie?